Jibu: Jina la kusajilia IELTS na aina ya mtihani

Habari ndugu. Umeeleza kwamba cheti chako cha UACE (mtihani wa kumaliza kidato cha sita Uganda) kina majina mawili ilhali pasipoti ina matatu, nawe hujui ujisajili IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwa lipi. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa sababu siku ya mtihani hiyo ndiyo inayokaguliwa. Mimi niliacha jina moja, nikalazimika kusafiri tena kutoka Mbarara hadi Kampala kulirekebisha.

Kabla ya kulipa, kiulize chuo kama kinataka aina ya Academic (ya masomo ya chuo) au General Training (ya kazi na uhamiaji hasa), kwani kusikiliza na kuzungumza ni sawa katika zote mbili, lakini kusoma na kuandika hutofautiana. Usiharakishe pia ikiwa muda wa kutuma maombi yako bado uko mbali, maana matokeo hutambuliwa kwa miaka 2.

Katika maandalizi, elekeza nguvu kwenye kuandika. Sisi tuliosoma Uganda huzungumza Kiingereza bila shida, kisha insha inatuangusha: una dakika 60 kwa kazi mbili, ya kwanza angalau maneno 150 na ya pili angalau 250, na ya pili ina uzito maradufu, kwa hiyo itengee dakika 40.