Umeifuta ImageMagick (programu ya kuhariri picha) lakini amri yake ya convert bado inafanya kazi?

Ndugu, hujakosea. Kwenye Ubuntu 22.04 kifurushi cha imagemagick ni kama ganda tu. Programu yenyewe imo ndani ya imagemagick-6.q16, ndiyo maana uliondoa jina na mzigo ukabaki. Andika:

sudo apt purge imagemagick
sudo apt autoremove --purge

Kabla ya kubonyeza Y, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Mimi huwa naisoma mara mbili, maana autoremove, inayoondoa vifurushi visivyohitajika tena, haibembelezi mtu.

Ukiihitaji tena, sudo apt install imagemagick, halafu convert picha.png picha.jpg. Ila kama uliifuta kwa hasira kwa sababu ilikataa PDF, tatizo halikuwa programu: angalia /etc/ImageMagick-6/policy.xml, PDF imezuiwa humo kwa usalama.