Mwanangu, yule dada asiache dawa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umeniuliza umjibu nini dada wa kwaya aliyeombewa kwenye mkesha, kisha kliniki wakamwambia virusi vya UKIMWI havionekani, na sasa anataka kuacha ARV, dawa za kufubaza virusi hivyo, kwa kuwa anaona akiendelea kumeza atakuwa anamkana Bwana aliyemponya.

Asiache. Lakini ukimwambia hilo tu, atakuitikia "ndiyo, mchungaji", halafu kopo atalifungia kabatini. Mweleze kwanza majibu yake yana maana gani. Kipimo cha wingi wa virusi kinahesabu nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Zikiwa chini ya 50, huambiwa havionekani. Dawa imevizuia kuzaliana. Vilivyobaki vimejificha ndani ya seli, kwenye tezi na utumbo, ambako kipimo cha damu hakifiki. Akiacha kumeza, kwa watu wengi vinarudi kwenye damu baada ya wiki chache, na wiki hizo mwenyewe hujisikia mzima kabisa. Hapo ndipo shuhuda nyingi hutolewa. Na akimeza leo akaacha kesho, anawapa virusi nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa.

Atakuambia pia kwamba fulani aliombewa, akapima, akaonekana hana. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, hakitafuti kirusi chenyewe. Kwa mtu aliyeanza dawa mapema, kingamwili zinaweza kupungua hadi kipimo kizikose. Ndiyo sababu aliyeko kwenye dawa hashauriwi kurudia kipimo hicho.

Mistari usianze nayo. Muulize kwanza: nani alikuambia uache? Umeshaacha, au bado unameza? Kisha nyamaza umsikilize. Nyuma ya swali hili mara nyingi lipo jingine: uchumba, ukwe, au hofu ya kuonwa na jirani akiingia CTC, kliniki ya huduma na dawa za UKIMWI. Kama ni uchumba, una habari njema ambayo wazee wengi wa kanisa hawajaisikia: mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Akiacha, ulinzi huo unaondoka.

Akikuuliza kama Mungu anaweza kuponya UKIMWI, sema anaweza, bila kigugumizi. Kisha sema kwamba kidonge hakimzuii Mungu. Mfungulie 2 Wafalme 20. Hezekia alikwisha kuahidiwa kupona na kuongezewa miaka 15, na nabii yule yule aliyeileta ahadi ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona kwamba tini zinaivunjia ahadi heshima. Katika Mathayo 8, mwenye ukoma aliyetakaswa alitumwa kwa kuhani, na kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kumkagua na kumtangaza safi. Walawi 14 inaeleza ukaguzi huo hatua kwa hatua. Bwana mwenyewe hakuona aibu muujiza wake ukaguliwe. Na hadi leo kliniki haimwachishi mtu dawa eti kwa kuwa virusi havionekani.

Neno moja lisitoke kinywani mwako: "huna imani ya kutosha". Paulo alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, mgonjwa kule Mileto, wala hakumlaumu. Usimwambie pia kwamba hilo ni la daktari, halikuhusu. Amekujia wewe kwa sababu swali lake linamhusu Mungu, na ukimrudisha hivyo atamtafuta mtu wa kumwambia anachotaka kusikia. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, kilichosemwa kinaponya hata UKIMWI, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kumeza kila siku, na uchovu huo unahitaji mchungaji wa kuusikia.

Akitaka kufunga na kuomba, afunge. Dawa wanayopewa watu wazima wengi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, na kinamezwa ameshiba au ana njaa. Apange na mhudumu wake kukimeza saa ya kufuturu, saa ile ile kila siku. Kama ameshaacha, asisubiri tarehe ya kadi. Aende CTC kesho, aseme ni siku ngapi hajameza, na asimeze viwili ili kufidia. Akiogopa kukaripiwa, jitolee kumsindikiza.

Siri yake usiipeleke kwenye kikundi cha maombi, hata kwa kumtaja "dada mmoja wa kwaya", maana kwaya yenyewe ni ndogo. Jumapili akitaka kusimama kushuhudia, zungumza naye kabla. Anaweza kumshukuru Mungu kwa afya bila kutaja ugonjwa, na asitamke kwamba ameacha dawa, kwa kuwa kwenye viti wapo wengine wanaomeza kimyakimya nao watamfuata.

Niandikie ukishaonana naye. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako