Kemia ya mwaka wa kwanza: usiiache namba peke yake

Mtihani wangu wa kwanza wa kemia chuo cha uuguzi nilipata 31 kwa 100, na si kwamba sikusoma. Nilikesha. Elementi 20 za kwanza nilizijua kwa mpangilio kama mtoto wa madrasa anavyojua alifu na be. Kilichoniangusha ni swali moja lililorudi kwa sura tano: una dawa kali kiasi hiki, unaitaka iwe kiasi kile, utatia maji kiasi gani? Mara nilizidisha, mara niligawanya, kisha nikachagua jibu lililonipendeza macho.

Likizo nikarudi nyumbani Arua, Uganda. Dada yangu anauza juisi sokoni, na kemia hajawahi kuisoma. Nikamwuliza, juisi nzito chupa moja unaitilia maji chupa ngapi? "Sita. Ukitia ya saba wateja wanagomba." Na inatoka chupa ngapi? "Saba, sasa! Ile nzito umeimwaga?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu lote. Chukua klorini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 3.5, unataka ya asilimia 0.5. Gawanya, unapata 7. Wengi wetu tulikuwa tunaandika "maji sehemu 7". La! Saba ni jumla. Dawa yenyewe ni sehemu moja, maji ni sita. Ukitaka ya kunawia mikono, asilimia 0.05, chukua ile ya 0.5 sehemu moja na maji sehemu tisa. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, hesabu hii haikuwa tena ya mtihani. Klorini hafifu mno haiui kirusi, na kali mno inakubabua mikono.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, nao unachosha: kila namba iandikie kipimo chake pembeni, hata kwenye karatasi ya kufanyia hesabu. Gramu, miligramu, mililita. Tazama magnesiamu salfeti, dawa ya mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Ile ya asilimia 50 maana yake ni gramu 50 katika mililita 100, yaani mililita 1 ina nusu gramu. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, basi unavuta mililita 8. Lakini haiingii mshipani ikiwa kali hivyo. Inashushwa hadi asilimia 20. Gramu 4 kwa asilimia 20 zinakaa katika mililita 20. Unazo 8 tayari, unaongeza maji ya sindano 12. Ni juisi ya dada ileile. (Wodini fuata mwongozo wa ukutani na mwenzako ahakiki, usitegemee kichwa chako cha saa tisa usiku.)

Moli iliniogopesha bure. Ni namna ya kuhesabu chembe tu, kama trei la mayai. Shika chupa ya dripu ya chumvi, asilimia 0.9: gramu 9 kwa lita. Moli moja ya chumvi ina uzito wa gramu 58.5. Gawanya, unapata moli 0.154, yaani milimoli 154, na namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye lebo. Siku nilipoikuta pale niliona kama nimeibiwa: miezi mitatu nakariri, jibu linaning'inia juu ya kitanda cha mgonjwa!

Tangu hapo nasoma lebo za dripu kama wengine wanavyosoma magazeti. Osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kufuata upande wenye chumvi nyingi, niliielewa hukohuko: maji matupu yakiingia mshipani, seli nyekundu zinayanywa mpaka zinapasuka.

Kuhusu pH, kipimo cha uasidi, kumbuka kwamba hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo badiliko dogo la namba si dogo: damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka hapo kidogo tu mgonjwa anaweza kuhema vibaya. Kemia ya kaboni ipe muda mdogo mwanzoni. Sisi tuliulizwa swali moja tu la alkoholi.

Kwenye marudio nilipata 68. Alama nne nilizipoteza kwa swali ambalo nilisahau kuandika "mililita".