Tembo "wamejigeuza"? Mageuzi na mageuko

SWALI: Nimesoma kwamba tembo wa Gorongosa, Msumbiji, "wamejigeuza wasiote pembe ili wasiuawe na majangili." Je, sentensi hii ni sahihi? Niseme mageuzi au mageuko? Na tembo hao naweza kuwaita vibogoyo?

JIBU: Sarufi haina kasoro. Maana ndiyo imeharibika, na imeharibiwa na vitu viwili vidogo: ji- na ili.

Kugeuza kunataka mtendaji, kugeuka hakumtaki. Ndiyo maana mageuzi yamekaa vizuri kwenye siasa na elimu, ambako watu hukutana wakaamua, na mageuko yakafaa kwa viumbe. Ukisema "wamejigeuza" unampa tembo uamuzi asiokuwa nao, kisha "ili" inamwongezea kusudi.

Lililotokea ni hili. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, 1977 hadi 1992, zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa Gorongosa waliangamia, wengi wakiwindwa kwa ajili ya pembe. Majike waliozaliwa bila pembe hawakuwa na cha kuuzwa, wakasalimika kuliko wenzao, wakazaa. Kabla ya vita walikuwa asilimia 18.5 ya majike. Baadaye wakafika asilimia 50.9. Jeni yenyewe, yaani chembe ya urithi inayowafanya wasiote pembe, ilikuwapo tangu zamani. Bunduki hazikuiumba, ila ziliamua nani abaki kuirithisha.

Kwa hiyo tembo mmoja mmoja hakugeuka. Aliyeota pembe hazimtoki kwa sababu ya hofu. Kilichobadilika ni uwiano ndani ya kundi, kizazi baada ya kizazi. Andika hivi: "Wenye pembe waliuawa zaidi, majike wasio na pembe wakabaki wakazaa, hivyo sehemu yao katika kundi ikaongezeka." Hivyo ni ya matokeo, ili ni ya nia. Zisibadilishane.

Neno "majike" usiliache. Ushahidi unaonyesha kwamba jeni hiyo imo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia. Jike ana X mbili, akirithi moja yenye jeni hiyo, ile nyingine humwezesha kuishi. Dume ana X moja tu. Akiirithi yenye jeni hiyo, hufa kabla ya kuzaliwa. Ukiandika "tembo" peke yake, msomaji atadhani na madume wamo.

Kibogoyo hapana. Huyo ni aliyeng'okwa na meno. Tembo hawa wana magego yao na wanatafuna magome kama wengine. Walichokosa ni yale meno mawili ya mbele ya taya la juu, ambayo sisi tumezoea kuyaita pembe.