Mzani unakula kilo mbili

BARUA ZA WASOMAJI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mchuma chai hapa Rungwe, nina miaka 34 na watoto watatu. Tupo 43 chini ya wakala mmoja anayetupeleka shambani. Tukipima majani, karani anakata kilo mbili za kikapu, na tunapima mara mbili kwa siku. Kikapu changu nilikipima dukani kikiwa kitupu na kimelowa, hakikufika hata kilo moja. Tulipouliza, wakala akasema sisi ni vibarua tu, hatuna mkataba, si wafanyakazi wa shamba wala wake. Kisha akawanong'oneza wenyeji kwamba bei haipandi kwa sababu ya wenzetu 11 waliovuka mpaka kutoka Karonga, Malawi. Hao wa Karonga nao akawaambia atakayefungua mdomo atamwitia Uhamiaji. Sasa hata kwenye mchezo wetu wa upatu tunatazamana kwa jicho la pembeni. Wanaume wanataka tuchague mwenyekiti, tuchonge muhuri, aende kwa meneja atusemee. Wengine wanasema tugome. Wewe ulichuma chai Mufindi miaka mingi. Tuanzie wapi? Ndaga fijo.

Mchuma chai, Rungwe

JIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Muhuri subirini kwanza. Mimi nimechuma enzi za JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya zamani. Chama tulikuwa nacho kwenye kadi: ada inakatwa, kiongozi anakuja Mei Mosi na kofia yake, anaondoka. Shida za kambini zikatushinda, tukajichagulia msemaji wetu wenyewe, kijana mwenye maneno mazuri. Akaenda ofisini. Mwezi uliofuata alikuwa nyapara! Hakufukuzwa, alipandishwa cheo, akawa anatupigia kelele kwenye mistari ileile aliyokuwa akichuma nasi. Na nani wa kulaumiwa? Sisi wenyewe ndio tuliowaonyesha ofisini mtu wa kumnunua.

Kwa hiyo anzeni na daftari, siyo na mtu. Kila mmoja aandike tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, kilo alizosoma kwenye mzani na kilo alizoandikiwa na karani. Asiyejua kuandika aandikiwe na jirani yake wa mstari. Baada ya mwezi mkae kwenye upatu mpige hesabu. Karani akikata kilo nne kwa siku, kwa siku 26 ni kilo 104 kwa mtu mmoja. Kwa watu 43 ni kilo 4,472. Toeni uzito halali wa vikapu, bado mtabaki na mlima wa majani aliouchuma mtu na akalipwa mwingine. Namba hiyo itajwe mbele ya wote, wa Karonga wakiwemo, maana mzani haukuwauliza uraia wao ulipokuwa unawakata.

Daftari lina kazi ya pili. Wakala anaposema nyinyi si wafanyakazi, anategemea kwamba hamna karatasi. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu aliyemfanyia kazi mwingine wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi huyo mwingine athibitishe vinginevyo. Saa 45 nyinyi mnazimaliza kwa wiki. Na mwenzake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi. Mkifika kwenye shauri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Sasa hao wa Karonga. Baba yangu aliondoka Njombe akiwa manamba, akaenda kukata mkonge Tanga. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa inazoa watu wa mbali kama yeye. Baba alikuwa akisema mtu wa karibu akionewa anarudi kwao jioni, wa mbali anarudi kambini. Nanyi mna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa mnasikilizana lugha bila mkalimani. Wakala anajua hilo, ndiyo maana ana haraka ya kuwagombanisha.

Sitakudanganya kuhusu Uhamiaji, hatari ipo. Mgeni anahitaji kibali cha kazi, na asiye nacho anaweza kurudishwa. Ila sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri ndiye aombe kibali hicho kabla ya kumpa mtu kazi. Anayetishia kuita Uhamiaji ajiandae naye kuulizwa. Hata hivyo majina yao yasiwe ya kwanza kwenye barua yoyote. Watangulie wenye kwao hapa. Kwenye upatu zamu yao isirukwe hata siku moja, na wakifiwa mchango uende uleule.

Mwenyekiti mnayemtaka sheria inawapa zaidi yake. TPAWU ni chama cha wafanyakazi wa mashambani. Chama kilichosajiliwa kikiwa na wanachama 10 sehemu moja ya kazi kinaweza kufungua tawi hapo, na mwakilishi wake ana haki ya kuingia shambani kuandikisha watu. Wanachama wakiwa kati ya 21 na 100, wawakilishi wanafika 10. Midomo kumi! Ofisi inunue yote? Msikimbilie kusajili chama chenu wenyewe. Sheria inaruhusu, mkutano wa waajiriwa 20 unatosha kukianzisha, lakini katiba na mahesabu ya kila mwaka vitakula usingizi wenu wote. Na ada isikatwe hadi mtu ajaze fomu kwa mkono wake. Ya kwetu ilikatwa tu, ndiyo maana hakuna aliyekiona chama kuwa chake.

Kabla ya hapo jaribuni jambo dogo. Siku moja mama mmoja aombe, kwa heshima kabisa, vikapu vitatu vipimwe vitupu. Kesho yake aombe mwingine. Keshokutwa mwingine amuulize karani mzani huo ulikaguliwa lini na Wakala wa Vipimo, ofisi ya serikali ya mizani. Karani atachoka kutafuta nani anawachochea. Fanyeni hivyo mvua zikiwa zimekolea na majani yanakimbilia kiwandani siku hiyohiyo kabla hayajaungua kwenye lori. Mwezi wa saba, baridi imebana na chai imelala, kila mtu kwenu ni wa ziada.

Kugoma acheni kwa sasa. Mgomo halali una njia yake: mgogoro upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi zipite, kura ipigwe, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Mkiweka vikapu chini tu asubuhi moja, mmempa wakala sababu aliyokuwa akiitafuta. Akimfukuza mtu kwa kujiunga na chama, hiyo si sababu halali, lakini lalamiko lifike Tume ndani ya siku 30. Tulipokuwa kambini tulihesabu siku kwa malipo, tukachelewa mara nyingi.

Daftari mtumie bolpeni, penseli watasema mmefuta. Lifungeni ndani ya kipande cha kiroba cha mbolea kilichooshwa, mvua za Rungwe mnazijua. Na lisilale nyumba moja wiki mbili mfululizo.