Kuyapisha mafuriko kando ya mji: majibu kwa wasomaji

Ndugu wahariri, nimeona picha za New Orleans, Marekani: kreni inang'oa boriti moja moja ili maji ya mto yaingie ziwani. Nchi tajiri kama ile mbona inatumia boriti badala ya milango ya chuma? Na wanajuaje wakati wa kufungua? (Msomaji, Mombasa)

Ulichoona ni Bonnet Carré, mchepuo wa mafuriko wa mto Mississippi, yaani njia ya pembeni ya kuyatoa maji mtoni, kilomita 50 hivi juu ya mji ukiufuata mto. Ulimalizika mwaka 1931 na ukafunguliwa mara ya kwanza mwaka 1937. Ukingoni kuna kizingiti cha zege chenye urefu wa kilomita 2.1, kilichogawanywa vyumba 350. Kila chumba kimezibwa kwa boriti 20 zilizosimamishwa bega kwa bega, jumla 7,000. Boriti moja ina upana wa sentimita 30 hivi, unene wa 20, na urefu wa mita 3 na ushei. Kreni hupita kwenye reli juu ya kizingiti, huing'oa boriti na kuilaza palepale juu. Maji hushuka kwenye bonde lililobanwa na matuta mawili, yaani kuta za udongo za kuzuia maji, huenda kilomita 9 hadi Ziwa Pontchartrain, na ziwa hilo limeungana na bahari.

Boriti zina maana yake. Kati ya mwaka 1950 na 1973 mchepuo haukufunguliwa hata mara moja. Mlango wa chuma wenye mota ukikaa miaka 23 bila kusogea, huwezi kuuamini siku ya hatari. Boriti haina mota wala bawaba ya kushika kutu, na ikioza hubadilishwa peke yake. Hasara yake ni kwamba maji huvuja kati ya boriti na boriti kila mto unapopanda juu ya kizingiti, hata kama hakuna aliyefungua kitu. Uvujaji huo ulikubaliwa tangu mwanzo.

Wakati wa kufungua hauamuliwi kwa macho. Kipimo ni maji yanayopita mjini: yakikaribia mita za ujazo 35,400 kwa sekunde, kazi inaanza, kwa sababu hapo ndipo uwezo uliopangiwa matuta ya mji unapoishia. Vyumba hufunguliwa kwa mafungu, siku baada ya siku. Mto ukishushwa ghafla, ukingo ulioloa hubaki mzito bila maji ya kuuegemeza, nao huweza kuporomoka. Tena mvuto wa pembeni huwa hatari kwa matishari yanayopita. Vyumba vyote vikiwa wazi, mchepuo humeza kama mita za ujazo 7,000 kwa sekunde.

Kwa nini wasiinue tu matuta ya mto? (Msomaji, Kisumu)

Ndivyo walivyofanya kwa miongo mingi, wakashindwa mwaka 1927. Tuta refu haliyapunguzi maji. Linayabana yapande zaidi, na likikatika linamwaga kimo kikubwa zaidi juu ya watu. Mwaka ule, tarehe 29 Aprili, tuta la Caernarvon chini ya New Orleans lililipuliwa kwa baruti ili kuunusuru mji, na maji yakazamisha makazi ya watu wa St. Bernard na Plaquemines. Fidia waliyopata ilikuwa haba. Kumbe matuta ya sehemu za juu za mto yalikuwa yamekwisha kukatika na mto ulikuwa umeanza kupumua. Mwaka uliofuata sheria mpya ikaweka njia maalumu za kuyapisha maji, Bonnet Carré ikiwa mojawapo.

Maji hayo yakifika ziwani, nani anaumia? (Msomaji, Kilwa)

Wavuvi. Mwaka 2019 mchepuo ulifunguliwa mara mbili, jumla ya siku 123. Maji ya mto yasiyo na chumvi yalijaa ziwani, yakapita hadi ghuba ya Mississippi Sound na kuiondolea chumvi. Chaza hujifunga maji yakikosa chumvi na huvumilia muda mfupi, lakini si miezi. Walikufa karibu wote kwenye miamba yao. Mbolea za mashambani zilizobebwa na mto nazo zikalisha mwani wenye sumu, fukwe zikafungwa kwa waogaji. Mji ulibaki mkavu, gharama ikabebwa na watu wa jimbo jirani la Mississippi. Anayepanga mchepuo aanze kuhesabu kule maji yanakoishia, kabla ya kushika jembe.

Mto wetu ni mdogo, unapita katikati ya mji na kufika baharini. Tunataka kuchimba mfereji wa mchepuo. Tupime nini? (Msomaji, Tanga)

Kwanza, wingi wa maji. Siku ya mafuriko simameni darajani, msiingie majini. Chagueni kipande kilichonyooka cha mita 20, tupeni chupa iliyojaa maji nusu, hesabuni sekunde. Tuseme ni 16: kasi ya juu ni mita 1.25 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, upate 1.06. Mto ukiwa na upana wa mita 12 na kina cha wastani cha mita 1.5, hapo zinapita mita za ujazo 19 kwa sekunde. Hiyo ni siku moja tu. Tafuteni na alama za mafuriko makubwa kwenye kuta za nyumba.

Tuseme mnataka kuchepusha mita za ujazo 10 kwa sekunde. Udongo wa kichanga huanza kulika kasi ikipita mita 0.6 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mnahitaji eneo la maji la mita za mraba 17: upana wa chini mita 8.5, kina 1.5, kingo zilale mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo. Ongezeni nusu mita ya kimo juu ya maji, na njia ya mita 4 ya kupitisha mashine ya usafi. Mnagusa upana wa mita 20 na zaidi. Mteremko uwe sentimita 27 hivi kwa kilomita. Ardhi ikishuka mita nzima kwa kilomita, kasi itakaribia maradufu na kitanda kitalika. Hapo jengeni ngazi za mawe na zege za kuvunja kasi.

Mlangoni wekeni kizingiti cha zege pembeni mwa mto, kirefu kiasi cha kuingiza maji hayo 10 yakiwa na kimo cha nusu mita tu juu yake. Hesabu ya kizingiti kinachopokea maji usoni ni mita 17. Cha pembeni hupokea pungufu, wekeni 22. Msiache kizingiti cha udongo: maji yatakikata, na mto wote utahamia mferejini.

Mwisho wa mfereji ndipo wengi wanapokosea. Linganisheni usawa wa mdomo na maji makuu ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, msilinganishe na maji mafu, inapojaa kidogo. Mafuriko yakikutana na bamvua, maji hayatoki. Yanajirudia nyuma kwa saa kadhaa, na kingo lazima ziyahimili muda huo. Barabara ikivuka mfereji, jengeni daraja, kwani makalvati huziba kwa taka na magogo. Mipaka iwekwe nguzo tangu mwanzo, maana miaka miwili ya ukame inatosha watu kujenga ndani. Kibali kianzie Bodi ya Maji ya Bonde, pamoja na tathmini ya mazingira. Na mawimbi ya upepo wa kusi hurundika mchanga mdomoni, kwa hiyo tengeni bajeti ya kuuzibua kila mwaka kabla ya vuli na tena kabla ya masika.