Mti huo wa Lodwar, Turkana, ni mkoma, si mvumo

Kaka, huo mti wenye shina lililogawanyika panda, unaouliza kama ni mvumo, ni mkoma, Hyphaene compressa; yote miwili ni ya jamii ya mnazi. Mvumo husimama kwa shina moja, tena hutuna katikati. Kagua kikonyo cha jani: mkoma una miiba myeusi iliyopinda kama ndoana, inang'ang'ania shati.

Ukitaka kuuotesha mkoma, tafadhali usitumie vikopo! Mbegu yake hushusha kwanza mzizi mnene chini kabisa kabla jani halijachungulia, na kwenye kikopo mzizi huo hujikunja. Iloweke siku kadhaa, uifukie palepale unapotaka mti usimame, umwagie maji mengi yazame. Miezi ikipita kimya, usifukue. Jua la Turkana halitausumbua, hapo ni kwake. Zungushia miiba tu, mbuzi wasiufikie.